Pryor Hakuchekesha kwa Matusi

Kijana analeta seti yake ya kwanza ya vichekesho vya jukwaani, matusi ya nguoni mwanzo mwisho. Nikimwambia apunguze, jibu ni lilelile: "Kaka, mbona Richard Pryor alitukana?" Leo nimechoka, naandika.

Alitukana, ndiyo, mchekeshaji huyo wa Marekani. Kazaliwa Peoria, Illinois, 1940, akalelewa kwenye danguro la bibi yake, kwa hiyo msamiati haukumpiga chenga. Lakini miaka ya 1960 alikuwa akimwiga mchekeshaji Bill Cosby, bila tusi hata moja, na televisheni zilimtaka hivyo. Mwaka 1967 akiwa jukwaani hoteli ya Aladdin, Las Vegas, akajiuliza kwenye maiki anafanya nini pale, akashuka. Wengi husimulia kana kwamba kesho yake alirudi na matusi, basi, akawa gwiji. Hapana. Ilipita miaka, mingine akiishi Berkeley, California, na alichorudi nacho ni watu: walevi, makahaba, wahubiri, na mzee Mudbone wa Mississippi, mhusika aliyembuni mwenyewe. Matusi yalikuwa lugha yao.

Sasa tazama kipande cha mshtuko wa moyo kwenye Live in Concert, filamu ya onyesho lake ya 1979. Anatembea uani, ngumi inamkaba kifuani, na moyo wenyewe unamwamrisha asipumue. Anakubali haraka, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa juu ya mwembe wa jirani. Moyo haujaridhika. Unampigisha magoti, unambwaga chini, huku ukimsuta kwa nyama ya nguruwe aliyokula. Mgonjwa ni yeye, moyo ni yeye, na hakuna hata sekunde unayowachanganya. Zima sauti uone kama hutacheka. Kisha anazinduka kwenye ambulensi, nyuso zote za Wazungu, anadhani amekufa na kupelekwa pepo siyo yake. Hapo tusi lina kazi gani?

Halafu kuna Kenya. Alikwenda 1979, akarudi ameapa kuachana na lile neno la kuwadhalilisha weusi, neno lililokaa hadi kwenye majina ya albamu zake. Akalisimulia hilo kwenye filamu yake ya 1982, pamoja na kuungua kwake 1980 kwa sababu ya kokeini, na ukumbi ukacheka vilevile.

Matusi mengine hakuyaacha, nisikudanganye. Na nikiyachomoa yote, mdundo wake unalegea. Kuna jingine linaloninyima raha: kwenye onyesho hilohilo la moyo, anachekesha jinsi alivyolimiminia gari risasi ili mkewe asiondoke. Nacheka, kisha namfikiria yule mke. Bado sijui nikipeleke wapi kicheko hicho.

Alipewa Tuzo ya Mark Twain, ile ya ucheshi ya Marekani, 1998, akiwa wa kwanza kuipata, na kufariki 2005.

Wewe kijana, niletee mama yako akibishana na konda kuhusu chenji. Nimwone mama, nimwone konda, nimwone abiria anayejifanya amelala. Konda akitukana, mwache atukane.