FSGS ni kovu, si jina la ugonjwa

Majibu ya kinyama cha figo (kipande kidogo kinachotolewa kwa sindano ili kipimwe) yakitoka yameandikwa "FSGS", siku hiyohiyo ukoo mzima unaambizana kuwa mgonjwa "ana FSGS". Hata wahudumu wa afya wapo wanaosema hivyo. Kinachofuata ni watu kuulizana dawa yake ni ipi, na hapo ndipo ninapochoka.

Maana yenyewe ni fupi. Kila figo ina vichujio vya damu vidogo mno, glomeruli, kama milioni 1 hivi. FSGS (kifupi cha Kiingereza cha focal segmental glomerulosclerosis) ni hali ya baadhi ya vichujio hivyo kuingia kovu, na kila kilichoguswa huwa kimepata kovu sehemu tu, si chote. Ndicho anachokiona mtaalamu wa patholojia kwenye hadubini. Chanzo hakionekani hapo.

Kovu la mguuni pekee halikwambii kama ni panga, moto au mbwa. Kwenye figo, wanaoumia ni podosaiti, seli zinazokumbatia mishipa ya kichujio kwa nje. Zikidondoka hazioti tena kirahisi, na palipobaki wazi hushika kovu. Sasa nani kazidondosha? Pengine ni kitu kinachozunguka kwenye damu. Aina hii ndiyo hujaribiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, na ndiyo inayoweza kurudi hata kwenye figo iliyopandikizwa. Pengine ni hitilafu ya jeni. Pengine ni HIV, ambayo mara nyingi hufanya kichujio kizima kinywee. Au vichujio vimeelemewa: mtu ana figo moja tangu utotoni, alizaliwa njiti, au ana unene uliopitiliza. Huyu wa mwisho ukimpa prednisoloni miezi kadhaa unamtafutia kisukari na mifupa dhaifu bure. Anachohitaji zaidi ni dawa za presha kama losatani au enalaprili, na kupunguza uzito. Hadubini ya elektroni husaidia kuwatofautisha, ila si kila mahali ipo.

Na kinyama kikikosa kovu? Usishangilie bado. Tuseme kichujio 1 kati ya 10 kina kovu, na sindano imetoka na vichujio 10. Piga hesabu: uwezekano wa kutoambulia hata kimoja chenye kovu ni karibu asilimia 35. Tena makovu haya hupenda kuanzia kwa vichujio vya ndani zaidi, ambavyo sindano iliyoishia juujuu haivifikii. Ndiyo maana ripoti nzuri hutaja imehesabu vichujio vingapi, na ndiyo maana mgonjwa aliyeambiwa mwanzo kuwa vichujio vyake "havina badiliko kubwa" anaweza kuja kuambiwa FSGS baadaye bila mtu yeyote kuwa amedanganya.

Kwa hiyo ukiwa na karatasi hiyo mkononi, sema "kinyama kimeonyesha makovu ya FSGS", kisha muulize daktari: yametokana na nini?