Lalamiko la Dawa na Lalamiko la Mtoa Dawa: Sheria Moja Iliyozaa Mbili

Malalamiko mengi kuhusu maduka ya dawa nchini Tanzania hufikishwa katika ofisi isiyohusika, na mwananchi, akielekezwa kwingine, hudhani anazungushwa. Chanzo kimo katika historia ya sheria zenyewe.

Sheria ya Dawa na Sumu Na. 9 ya 1978 iliweka chini ya Bodi moja ya Famasi usajili wa wafamasia pamoja na udhibiti wa dawa. Ndiyo iliyoruhusu maduka ya dawa baridi, yaliyotakiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari.

Kisha mambo hayo yakatenganishwa. Sheria ya Famasi Na. 7 ya 2002 iliunda Baraza la Famasi kusimamia taaluma. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi Na. 1 ya 2003, iliyofuta ile ya 1978, ikaunda Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kusimamia bidhaa. Mwaka huohuo mkoani Ruvuma yalianza majaribio ya maduka ya dawa muhimu, kwa kuwa dawa za cheti zilikuwa zikiuzwa katika maduka ya dawa baridi kinyume cha sheria, na kuyafunga tu kungewaacha wanavijiji bila dawa. Hivyo watoa dawa walipewa mafunzo na kuruhusiwa orodha maalumu, zikiwemo baadhi ya antibayotiki. Uamuzi huo, kwa maoni yangu, ulikuwa wa busara kuliko adhabu yoyote. Sheria ya Famasi ya 2011 ilichukua nafasi ya ile ya 2002, na Julai 2019 chakula na vipodozi vilihamia Shirika la Viwango (TBS), TFDA ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Si kweli basi, ingawa tunaelezwa hivyo kila siku, kwamba leseni ya biashara ya halmashauri inatosha kufungua duka la dawa. Haitoshi, hata kama mmiliki ni daktari, kwa kuwa jengo na mtoa dawa viko chini ya Baraza la Famasi.

Mtoa dawa asiye na sifa, au jengo lisilosajiliwa, ni suala la Baraza la Famasi. Dawa inayoshukiwa kuwa bandia, duni au iliyobadilika rangi ni suala la TMDA: usiitupe wala usiirudishe dukani kabla ya kutoa taarifa, bali ihifadhi katika boksi lake, pamoja na risiti, na uandike jina la dawa, mtengenezaji, namba ya toleo (Batch No.), tarehe ya kuisha muda wa matumizi na mahali ulipoinunua, kwa sababu bila namba ya toleo mkaguzi hawezi kulifuatilia toleo hilo katika maduka mengine.