Uongo wa kila siku: ni nini, na kwa nini tunausema

Uongo ni kumfanya mtu aamini jambo ambalo wewe unajua si kweli. Kinachoamua ni nia. Hapa Mombasa, aliyekuelekeza Makadara ukajikuta Mwembe Tayari, kwa kuwa hata yeye njia haijui, amekosea tu. Mwingine hudanganya kwa neno la kweli kabisa. "Kwenye feri kuna foleni," anasema, na foleni ipo, lakini yeye bado yuko nyumbani Likoni anatafuta viatu.

Mwaka 1996, mwanasaikolojia Bella DePaulo na wenzake walichapisha utafiti ambamo Wamarekani waliandika kwa wiki nzima kila uongo waliousema. Wanafunzi wa chuo walifikia wastani wa mara 2 kwa siku, watu wengine mara 1. Lakini wastani huficha mengi. Katika uchunguzi wa mwaka 2010 uliohoji watu wazima 1,000 wa Marekani, takriban asilimia 60 walisema hawakudanganya hata mara moja katika saa 24 zilizopita, na karibu nusu ya uongo wote ulitoka kwa asilimia 5 tu ya watu. Kwa hiyo yule anayejitetea kwamba "kila mtu ni mwongo" hana hoja.

Sababu ziko nyingi: kukwepa adhabu, kutafuta faida, kujikweza. Watoto huanza wakiwa na miaka 2 au 3, mara tu wanapong'amua kwamba mama hajui kila wanachokijua wao.

Ila sababu kubwa kwetu, naamini, ni aibu: kuikimbia yako au kumsitiri mwenzio. Umepita kwa jirani adhuhuri, umeona sufuria ni ndogo na watoto ni wengi, unasema, "Nishakula, alhamdulillahi." Jirani anajua hujala. Hapo hakuna aliyedhulumiwa. Na darsani tumefundishwa hadithi ya Mtume aliyoipokea Ummu Kulthum, kwamba si mwongo anayesuluhisha watu kwa kusema la heri. Ruhusa hiyo ni ya kupatanisha. Wako wanaoivuta mpaka ifunike madeni yao, na hilo si haki.

Mimi hupima kwa kuuliza ni nani atakayeumia. Mtazame fundi wa nguo kumi la mwisho la Ramadhani. Amepokea vitambaa kupita uwezo wake, maana kumkataa mteja ni kuikataa pesa, na kumwona mama wa watu akikasirika mbele yake hawezi. Kila akija anaambiwa, "Njoo kesho baada ya Alasiri, itakuwa tayari." Fundi amejiokoa na aibu ya dakika moja, na mtoto ataswali Idi na kanzu ya mwaka jana iliyomfupia. Angesema mapema, "Niwie radhi mamangu, mwaka huu nimejaa," mama angepata muda wa kutafuta fundi mwingine.