Mashine ya ngozi huboreshwa kuanzia kwenye kisu

Kila inapopita Idi ya kuchinja, ngozi za mbuzi na kondoo hurundikana Malindi na Lamu kwa wingi ambao karakana zetu ndogo haziumudu, na kwa joto na unyevu wa pwani ngozi isiyotiwa chumvi mapema huanza kuharibika siku hiyohiyo. Chumvi yenyewe haitupi shida, maana mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni yako kaskazini ya Malindi, na kinachotakiwa ni chumvi yenye uzito unaokaribia nusu ya uzito wa ngozi. Shida huanza pale ngozi zinapofika kwenye mashine. Mimi ni fundi wa mitambo ya kudabaghi ngozi, yaani kuigeuza ngozi mbichi kuwa ngozi isiyooza, na swali ninaloulizwa zaidi na wenye karakana ni kama wanunue mashine kubwa zaidi au waongeze nguvu ya mota. Huwajibu kwamba mashine ya ngozi huboreshwa kuanzia kwenye kisu, kisha kwenye mgandamizo unaoisukuma ngozi kwenye kisu, kisha kwenye mwendo. Mota huja mwisho, na mara nyingi ile iliyopo inatosha.

Nianze na mashine ya kukwangua nyama, kwa sababu huko ndiko ngozi nyingi za mbuzi zinakotobolewa. Kazi yake ni kuondoa utando wa nyama na mafuta uliobaki upande wa ndani baada ya mchunaji kumaliza, ili maji, chokaa na dawa za kudabaghi zipenye sawasawa. Ndani yake mna silinda iliyozungushiwa visu vilivyopinda kama hesi za parafujo, na ukiitazama kwa makini utaona kwamba nusu moja visu vimepinda kulia na nusu ya pili vimepinda kushoto, vikikutana katikati. Mpangilio huo haukuwekwa kwa urembo. Silinda inapozunguka, visu hukata na wakati huohuo huinyoosha ngozi kutoka katikati kwenda pembeni, ili isijikunje, kwa kuwa penye mkunjo ndipo kisu hutoboa. Kwa hiyo fundi anayeondoa kisu kilichovunjika na kuchomelea kipande kisichofuata mpindo wa vingine huwa ameiondolea ngozi kinga yake, hata kama mashine inanguruma vizuri kama jana.

Kisu butu hakikati, huvuta. Ngozi ya ng'ombe, kwa unene wake, huvumilia kuvutwa. Ya mbuzi haivumilii, hasa tumboni na kwapani ambako ni nyembamba na nyuzi zake zimelegea. Zaidi ya kuchanika, ngozi iliyovutwa hupata madhara ambayo hayaonekani mpaka mwisho wa kazi, pale uso wake unapotoa vikunjo na kuonekana umeachana na nyama ya ngozi iliyo chini yake. Msuguano nao huleta joto, na ngozi mbichi yenye maji hujikunyata ikipata joto la nyuzi 60 hivi. Wengi hunoa visu vinapogoma. Mimi nasisitiza kunoa kidogo na mara kwa mara, jiwe likigusa tu, kwa sababu kunoa kwa nguvu baada ya kuchelewa huondoa chuma kingi na huacha silinda isiyo na usawa.

Hapo pana jambo ambalo karakana nyingi hulipita. Jiwe la kunolea hutembea juu ya reli iliyo sambamba na silinda, na reli hiyo ikiliwa na kutu au ikichakaa katikati, jiwe huinakili kasoro yake kwenye visu, hivi kwamba silinda huwa nene sehemu moja na nyembamba sehemu nyingine. Mwenye mashine huona ngozi imekwanguliwa vizuri pembeni na kubaki na nyama katikati, basi huongeza mgandamizo, na pembeni hutoboka. Dawa yake ni kuinyoosha reli au kuibadilisha, na kufunga parafujo yenye hesi nyembamba inayosogeza jiwe kwa sehemu ndogo ya milimita kila unapoizungusha. Ni kazi ya gharama ndogo kwa fundi wa mashine ya kukerezea chuma, na sijaona rekebisho lingine linalorudisha fedha yake upesi hivyo. Ukitaka kuhakiki, zima umeme, pitisha kipande cha karatasi kati ya kisu na rola ya mpira kuanzia ncha moja hadi nyingine, na usikilize kwa vidole kama kinabanwa sawasawa.

Visu vikichakaa kabisa, hung'olewa kwenye mifuo yake na vipya hupigiliwa pamoja na utepe wa shaba unaovikaza. Baada ya hapo silinda lazima isawazishwe uzito, na hili silitaki lichukuliwe kama hiari. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme upande mmoja umezidi kwa gramu 50 tu, umbali wa sentimita 10 kutoka katikati ya shafti, na silinda inazunguka mara 1,400 kwa dakika. Gramu hizo 50 huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 11, na mvuto huo hubadili upande zaidi ya mara 23 kila sekunde. Beringi haziwezi kudumu chini ya mtikiso wa namna hiyo, na ngozi huchorwa mistari ya mawimbi ambayo hakuna rangi itakayoificha.

Baada ya kisu huja mgandamizo. Rola ya mpira ndiyo inayoipeleka ngozi kwenye visu, nayo hugumaa kwa miaka na hulika kwa mafuta na chokaa. Kwa ngozi ndogo nashauri mpira laini kuliko ule unaokuja na mashine zilizokusudiwa ngozi za ng'ombe, kwa sababu mpira laini hubonyea penye uvimbe na mshono wa mgongo, na hivyo kisu hakiingii kupita kiasi. Mashine za zamani hufungwa kwa pedali, maana yake ni kwamba mgandamizo unategemea uzito wa mguu wa mwendeshaji na uchovu wake wa alasiri. Kubadilisha pedali kwa pampu ndogo ya haidroli yenye vali ya kuweka kikomo na geji inayosomeka ni uboreshaji mkubwa. Unaweka kikomo kimoja cha mbuzi na kingine cha ng'ombe, na mtu yeyote anayekuja zamu anakuta kipimo kilekile. Wakati huohuo funga fito ya dharura mbele ya kiuno cha mwendeshaji, ambayo akiiegemea rola hufunguka papo hapo. Mashine isiyo na fito hiyo siikabidhi kwa mwenyewe.

Ukishapata kisu na mgandamizo unaoaminika, unaweza kukwangua ngozi mara tu baada ya kuirowekea maji, kabla ya chokaa. Wengi hungoja chokaa kwa kuwa ngozi iliyovimba hukatika kwa urahisi, lakini kukwangua mapema huipa chokaa njia ya kupenya sawasawa, hupunguza kiasi cha dawa kinachotumika, na mabaki ya nyama na mafuta hutoka bila chokaa wala salfaidi, ile dawa ya kuondoa manyoya, kwa hiyo yanaweza kuyeyushwa mafuta au kufanywa mboji. Kwa karakana iliyo karibu na maji ya bahari wanamovua watu, jambo hilo si dogo.

Sasa nije kwenye pipa la kuzungushia ngozi ndani ya chokaa na dawa, ambalo kwetu lina bahati ya pekee. Viwanda vingi vya ngozi duniani hutumia mapipa ya mbao, na mvule ni miongoni mwa mbao zinazopendwa kwa kazi hiyo, kwa sababu hustahimili maji na dawa na huhifadhi joto. Mafundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, wanajua kuunganisha mbao zisivuje, kuziba maungio kwa kalafati, na kuziacha zivimbe kwa maji mpaka zijifunge zenyewe. Sioni sababu ya kuagiza pipa la chuma kutoka mbali wakati ustadi huo upo hapa. Linalotakiwa kubadilika ni misumari. Msumari wa chuma ukikutana na tanini, dawa ya kudabaghi itokayo kwenye magome ya miti, hutoa doa jeusi la samawati lisilofutika, na ule uliopakwa zinki hupoteza zinki yake mara asidi ya kuandalia ngozi inapoingia. Tumieni vigingi vya mbao au chuma kisichoshika kutu, na hapa pwani chagueni daraja la 316 badala ya 304, kwa kuwa la kwanza lina molibdenamu inayokinza chumvi.

Kasi ya pipa ina kikomo chake cha kimaumbile. Gawanya 42 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha pipa kwa mita, na utapata idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo ngozi hunata ukutani na haziporomoki tena. Kwa pipa la mita 2 ni mizunguko 30 hivi. Kazi halisi hufanyika chini sana ya hapo: mizunguko 2 hadi 4 wakati wa chokaa, kwa vipindi vifupi na mapumziko marefu, maana ngozi iliyovimba husuguliwa uso kwa urahisi, na mizunguko 8 hadi 12 wakati wa kudabaghi, ngozi zinapotakiwa kuinuliwa na kuanguka ili dawa ipenye. Pipa lenye kasi moja haliwezi kufanya kazi zote mbili vizuri, na karakana ndogo haina fedha za mapipa mawili.

Invata, kifaa cha umeme kinachobadilisha kasi ya mota, hutatua jambo hilo, na kwa pwani hutatua jingine pia, kwani zipo invata zinazopokea umeme wa kawaida wa nyumbani na kutoa wa fezi tatu ambao mota nzuri huhitaji. Chagueni yenye uwezo mkubwa kuliko mota, kwa sababu ikilishwa fezi moja haitoi nguvu yake yote. Msiitegemee invata peke yake kupunguza mwendo, kwa kuwa mota inayozungushwa polepole sana hupoa vibaya. Feni yake hupungua mwendo pamoja nayo. Gia ipunguze kwanza, invata ikamilishe. Ongezeni na breki, maana pipa lililojaa likizimwa hurudi nyuma kwa uzito wa ngozi zilizolala upande mmoja, na watu wameumizwa na mrejeo huo.

Maji ya Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na Malindi huyapata kutoka Baricho kwenye mto Sabaki. Hayo ni maji ya watu wote. Kusuuza ngozi kwa mlango wa wavu huku bomba likiwa wazi ni ubadhirifu ambao mashine yenyewe inaweza kuuzuia: fungeni mlango usiovuja, vali kubwa ya kumwagia, na alama ya kimo cha maji, kisha suuzeni kwa mafungu, mkijaza, mkizungusha na kumwaga. Ngozi husafika vilevile na maji hupungua sana. Kuhusu dawa ya kudabaghi, kuna wanaotamani kurudia magome ya mikoko yaliyowahi kusafirishwa ng'ambo kutoka visiwa hivi. Nawasihi waache, kwa sababu mkoko uliochunwa gome kuuzunguka hufa, na tanini ya miwati ya nyanda za juu inapatikana nchini na inafanya kazi nzuri.

Kutu yetu ina baba wawili, chumvi ya bahari na gesi ya chumba cha chokaa. Salfaidi inayotumika kuondoa manyoya ikikutana na asidi hutoa haidrojeni salfaidi, ambayo hushambulia shaba na madini ya fedha yaliyomo kwenye swichi mpaka sanduku la umeme linakufa bila sababu inayoonekana. Sanduku hilo liwekwe chumba kingine, chenye hewa safi, na beringi zihamishwe nje ya mahali maji yanaporuka, zikiwa na sili mbili na bomba la kupitishia grisi. Gesi hiyohiyo huua watu. Ni nzito kuliko hewa, hutua ndani ya pipa na kwenye mashimo, na pua huacha kuinusa inapozidi. Mtu asiingie pipani kuokota ngozi kwa hali yoyote. Pipa lijengwe liweze kumwaga ngozi zote kwa kuzungushwa mlango ukiwa wazi.

Ukaushaji na ulainishaji sitauelezea kwa urefu. Kivuli chenye upepo wa kusi kinatosha kwa fremu za kutandikia ngozi, na mashine ya kulainisha kwa pini zinazogonga hufanya kazi vizuri ngozi ikiwa na unyevu wa asilimia 20 hivi. Kavu kuliko hapo, nyuzi hukatika.

Kwa wanaotaka kununua mashine iliyotumika, nyingi hutoka Italia, nchi yenye miji mashuhuri ya ngozi kama Arzignano na Santa Croce sull'Arno, na Malindi hatukosi vijana wanaosoma Kiitaliano kuwatafsirieni kitabu cha maelekezo. Kumbukeni kwamba mashine ya kwenda kisiwani Lamu itavushwa kutoka Mokowe kwa chombo, kwa hiyo ulizeni mapema kama fremu inafunguka vipande na kila kipande kina uzito gani. Rangi mpya isiwavutie. Ombeni beringi za silinda zifunguliwe, mpime shafti pale beringi zinapokaa, na mkikuta imeliwa au imejazwa kwa kuchomelewa, iacheni mashine hiyo kwa mwenyewe, kwa kuwa kila mtakachorekebisha kwenye visu kitavurugwa na shafti isiyokaa sawa.