Geji ya joto kwenye trekta kuukuu: jinsi ya kuipima, kuitengeneza na kuibadilisha

Mwezi wa pili, mvua za kwanza zilipokuwa zinakaribia, mzee mmoja kutoka upande wa Mutunda alileta trekta lake la Massey Ferguson 135 kwenye karakana yetu hapa Bweyale, Uganda. Shida aliyoitaja ilikuwa moja tu: mshale wa geji ya joto umelala chini wala hauinuki. "Fundi," aliniambia, "dereva wangu anajua injini imechemka pale tu anapouona mvuke." Nilimjibu kwamba dereva anayesubiri mvuke amekwisha kuchelewa, kwa sababu maji yanapofikia kutoka kwa nguvu kwenye mfuniko wa rejeta, gasketi ya silinda hedi, yaani ya kifuniko cha juu cha injini, huenda imeshaanza kuungua na hedi yenyewe imeshaanza kupinda.

Matrekta ya aina hiyo yaliundwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, na lake lina injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu na ujazo wa lita 2.5. Ni injini yenye subira kubwa. Itavumilia dizeli yenye uchafu kiasi, itavumilia hata dereva mgeni, lakini joto la kupita kiasi haiwezi kulivumilia. Ndiyo maana ninasikitika kila ninapoliona trekta linalima ekari kumi za shamba la mahindi huku geji yake imekufa na mwenyewe anasema atainunua msimu ujao.

Kabla ya kununua chochote, fahamu kwanza geji uliyo nayo inafanyaje kazi. Kwenye matrekta mengi ya umri huo geji ya joto haitumii umeme hata kidogo. Ina sehemu tatu zilizounganishwa na kufungwa moja kwa moja: kidole cha shaba kinachoingia kwenye njia ya maji ya injini, mrija mwembamba wa shaba unaopanda hadi dashibodi, na ndani ya geji yenyewe, bomba bapa lililopindwa nusu duara. Ndani ya kidole mna kimiminika kinachogeuka mvuke kwa urahisi, mara nyingi etha. Maji yanapopata moto, mvuke wa kimiminika hicho huongeza presha, presha husafiri ndani ya mrija, na lile bomba bapa hujaribu kujinyoosha. Mwendo huo mdogo ndio unaousukuma mshale kwa njia ya meno madogo ya shaba. Bomba hilo lilipewa hataza mwaka 1849 na Mfaransa Eugène Bourdon, na mpaka leo geji za presha ya oili na za pampu za upepo zinalitumia vilevile.

Kwa hiyo sehemu zote tatu ni kitu kimoja. Mrija ukipasuka hata tundu la sindano, kimiminika hutoka chote, na mshale hulala chini moja kwa moja. Geji ya namna hiyo haitengenezwi kwa kuongezewa waya wala kwa kugongwagongwa kioo.

Mrija hukatika hasa wakati wa kufungua. Nati inayoshika kidole huwa imekaa kwenye maji na kutu kwa miaka, kwa hiyo imeng'ang'ania kidole chenyewe. Fundi akiizungusha kwa nguvu, kidole huzunguka pamoja nayo, na mrija hujisokota kama kamba mpaka unakatika pale unapotokea. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi niliiharibu geji nzima kwa njia hiyo, na sijasahau sauti ndogo ya shaba ikikatika. Siku hizi huwa ninamwaga kwanza maji ya injini ikiwa imepoa, ninapaka dawa ya kulegeza kutu jioni na kuiacha mpaka asubuhi, kisha ninaizungusha nati nusu ya nusu ya mzunguko tu, mbele na nyuma, huku vidole vya mkono wa kushoto vikiwa vimeushika mrija. Mara mrija unapotaka kuzunguka, ninausikia na ninaacha. Nati ikifunguka peke yake, kazi imekwisha. Isipofunguka, ninaongeza dawa na kusubiri. Hakuna haraka yoyote inayolipa hapo.

Geji ikishatoka salama, ipime kwa sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa. Ning'iniza kidole ndani ya maji kwa waya ili kisiguse chini ya sufuria, weka kipimajoto cha kawaida pembeni yake, na utazame vyote viwili joto linapopanda. Usiridhike kuona mshale unasogea. Linganisha usomaji wa nyuzi 60, 80, na pale maji yanapochemka.

Mafundi wengi hukosea kwenye kipimo hicho cha mwisho, kwa sababu vitabu vimetuambia kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Huchemka hivyo pwani. Uganda sehemu kubwa iko juu: hapa kwetu tuko zaidi kidogo ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Kampala karibu mita 1,200, na Kabale karibu mita 1,900. Kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka mapema kwa nyuzi moja. Kwa hiyo sufuria yangu huchemka kwenye nyuzi 96 au 97, na ya fundi wa Kabale kwenye nyuzi 94 hivi. Geji za zamani zilizoandikwa kwa Farenihaiti zina alama ya 212 kwa maji yanayochemka, lakini kwetu geji nzima inapaswa kusimama karibu na 206. Nimewahi kuletewa geji iliyotupwa kwa madai kwamba inasoma chini, nikaipima na kuikuta haina kosa lolote.

Geji ya yule mzee haikusogea kabisa, hata maji yalipokuwa yanaruka. Niliufuata mrija kwa ukucha, sentimita baada ya sentimita, mpaka nilipofika pale ulipopita kwenye bati la dashibodi. Mpira wa kukinga tundu ulikuwa umeoza zamani, na makali ya bati yalikuwa yameula mrija kwa mtikisiko mpaka ukatoboka. Nukta yenyewe ilikuwa ndogo kuliko punje ya ulezi.

Ipo njia ya kuiokoa geji kama hiyo, na mimi huitumia pale tu mwenye trekta anapotaka uso wa zamani ubaki kwenye dashibodi. Unanunua geji mpya ya bei nafuu yenye kidole na mrija mzima, unazamisha kidole chake kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na chumvi ya kutosha, na unakiacha kipoe kabisa. Etha huchemka kwenye nyuzi 34.6 tu, kwa hiyo mchana wa kwetu wenye jua kali inataka kutoroka mara mrija unapokatwa. Ikiwa imepozwa hivyo, hutulia ndani ya kidole. Ndipo unapoukata mrija mpya karibu na geji yake, unaukata wa zamani karibu na geji ya zamani, unaziunganisha ncha mbili ndani ya kipande kifupi cha mrija mpana kidogo, na kulehemu kwa risasi bila kukitoa kidole kwenye barafu. Barafu mimi huipata kwa wauza samaki. Tumia chuma cha kulehemu kilichokwisha kupashwa moto, kamwe usitumie moto wa wazi, na ufanye kazi nje penye upepo bila mtu anayevuta sigara karibu, maana mvuke wa etha huwaka haraka kuliko petroli. Baada ya hapo rudi kwenye sufuria na upime upya.

Mzee hakutaka uso wa zamani, alitaka kulima. Basi tukaagiza geji mpya kutoka Kisekka, soko la vipuri la Kampala, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Kwa sababu ya umbali huo ninapima mambo matatu kabla ya kutuma pesa: upana wa tundu la dashibodi, ambao kwa geji nyingi ni milimita 52, urefu wa njia ya mrija, ninaoupima kwa uzi nikiupitisha mbali na ekzosi na feni, na aina ya hesi, yaani meno ya kukazia, kwenye tundu la injini. Hesi inahitaji uangalifu zaidi. Ile ya Kiingereza ya robo ya nusu inchi ina meno 28 kwa inchi, na ile ya Kimarekani ya kipimo hichohicho ina meno 27. Zinaingiana mizunguko miwili mitatu, kisha zinakaza, na fundi asiyejua huongeza nguvu mpaka anaharibu hesi ya hedi au anaachiwa mahali panapovuja milele.

Mrija uliozidi usiukate. Ukunje taratibu mduara wa upana wa sahani ya kikombe, uufunge mahali pasipotikisika, na uweke mpira mpya kwenye tundu la bati.

Wapo wanaopendelea geji ya umeme kwa kuwa waya ni rahisi kupitisha. Siikatazi, ila sensa, yaani kihisio cha joto kinachokazwa kwenye injini, na geji lazima vitoke jozi moja, na ukikaza sensa usiizungushie utepe mweupe wa mabomba hesi nzima, kwa sababu sensa hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia mwili wa injini, kwenye hesi hiyo. Geji ya umeme isiposoma, chomoa waya wa sensa na uuguse kwenye mwili wa injini kwa sekunde moja huku swichi ikiwa imewashwa. Mshale ukipanda upande wa moto, geji na waya ni vizima na sensa ndiyo mbovu. Mimi kwa trekta la shambani, ambalo betri yake leo ipo na kesho imeazimwa, huchagua ile isiyohitaji umeme.

Siku ya kukabidhi nilimweleza dereva jambo moja ambalo hakuna geji inayolisema yenyewe. Kidole hupima maji yaliyokizunguka. Maji yakiisha, kidole hubaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Kwa hiyo mshale uliokuwa juu ukianguka ghafla katikati ya shamba, azime injini kama vile umefika kwenye rangi nyekundu, na asifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe.

Kisha tulilima naye nusu saa na plau ikiwa chini. Themostati, kile kilango kinachoruhusu maji ya moto yaende kwenye rejeta, ilifunguka, mshale ukapanda, ukasimama kidogo juu ya nyuzi 80 na kukaa hapo hata tulipoingia sehemu yenye udongo mzito. Nilichukua rangi nyeupe na kijiti cha kibiriti, nikatia nukta kwenye kioo mbele ya ncha ya mshale. Dereva yule hasomi namba za geji, lakini nukta aliielewa, na kila tulipogeuza trekta mwisho wa mstari nilimwona akiitupia jicho.