Je, akili mnemba hukumbuka taratibu za mradi wenu?

Vijana wengi wanaoandika programu hapa Mbeya huamini kwamba ukishaieleza akili mnemba taratibu za mradi mara moja, haitazisahau. Ni rahisi kuamini hivyo, maana hujibu kama mwenzako wa ofisini. Lakini kwa kawaida kila mazungumzo mapya huanza upya; inafuata kile tu ilichowekewa mbele yake. Ndiyo maana miradi mingi ina faili fupi la maelekezo, mfano AGENTS.md, ambalo zana ya akili mnemba inayoandika programu huwekewa mbele yake mazungumzo yanapoanza.

Jaribu mwenyewe. Andika katika faili hilo "majina ya vigeu yawe ya Kiswahili" (vigeu ni majina yanayobeba thamani ndani ya programu), fungua mazungumzo mapya, kisha omba msimbo, yaani maandishi ya programu, wa kujumlisha magunia ya viazi. Ukiona kigeu kama jumlaMagunia, huenda faili limesomwa. Futa sentensi hiyo, rudia, linganisha. Hata hivyo faili hilo huelekeza tu, halilazimishi; bado msimbo unahitaji kukaguliwa.