Valvu ya nne kwenye tuba: "Si abonyeze 1 na 3 tu?"

Wiki hii nimeulizwa tena. Mwalimu wa bendi ya kanisa kaleta tuba (lile tarumbeta kubwa la besi) ya Bb, yaani noti yake ya msingi ni Bb, ya valvu tatu, anataka bei ya kuongeza ya nne. Valvu ni kitufe kinachopitisha pumzi kwenye kipande cha bomba cha ziada, noti ikashuka. Mzee wa usharika aliyefuatana naye akadakia: "Fundi, hiyo si hela ya bure? Akibonyeza 1 na 3 anapata noti ileile." Nimeisikia mara nyingi hadi nimetundika ukutani kipande cha bomba cha sentimita 13, cha kuwaonyesha watu.

Noti si ileile. Tuba ya Bb ina bomba la kama mita 5.5, na kila nusu toni unayoshuka inadai karibu asilimia 6 ya urefu uliopo wakati huo. Wakati huo, jamani, si urefu wa mwanzo! Valvu ya 1, inayoshusha toni moja, imekatiwa bomba la sentimita 67, ya 3, ya toni moja na nusu, kama 104, kila moja kana kwamba itafanya kazi peke yake. Zibonyeze pamoja upate 171. Kushuka toni mbili na nusu kunataka 184. Ni chumvi ya kilo moja ya mchele uliyoitia kwenye sufuria ya kilo na robo. Sentimita 13 zinazokosekana zinapandisha noti karibu theluthi ya nusu toni. Ongeza na valvu ya 2, ya nusu toni, upungufu unafika 24 na noti inapanda kupita robo toni. Tuba ikigusa noti ya E ya chini, ya 1, 2 na 3, usharika mzima unageuza shingo, na lawama anabebeshwa kijana anayepuliza, eti hana sikio.

Viwanda vingine hurefusha bomba la 3 kidogo kupunguza aibu. Basi 3 ikipigwa peke yake inashuka.

Valvu ya nne ina sentimita 184 zake. F ya chini, iliyokuwa ya 1 na 3, sasa ni 4 peke yake, E ni 2 na 4. Hiyo E bado inapanda kidogo, lakini ukivuta slaidi (kile kipande cha bomba kinachochomoka) inakaa.

Wengine huvuka upande wa pili: ukishakuwa na nne, noti zote za chini ni zako. Hapana. Ukibonyeza 4, tuba imekuwa ya mita 7.3, na bomba la 1 lililokuwa 67 lilipaswa sasa kuwa 90. Bonyeza zote nne: kwa hesabu ya vidole umeshuka nusu toni 11, kwa hesabu ya bomba ni 9 na kitu. Pengo hilo ni la valvu ya tano, na wanaoiita mapambo wajue tuba ya kwanza, ya Wieprecht na Moritz, Berlin 1835, ilikuwa ya F yenye valvu tano.

Kwamba valvu inaongeza nguvu ya sauti: haiongezi. Inarefusha bomba, basi.

Kwamba itanyoosha tuba nzima: kama noti zimepinda hata bila kubonyeza kitu, tatizo liko kwingine, mara nyingi uvujaji. Chomoa slaidi polepole bila kubonyeza valvu yake, kisha bonyeza. Ukisikia "po!", haivuji. Ikiwa kimya, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, itie mafuta, ujaribu tena kabla ya kuniletea hela.

Halafu kuna yale mabomba madogo nyuma ya valvu kwenye baadhi ya tuba za Kiingereza. Mtu aliwahi kutaka niyatoe ili ipungue uzito! Ni mfumo wa Blaikley, wa 1874, unaofidia upungufu ule ule. Mwenye tuba hiyo asihangaike na 1 na 3. Hela yake anyooshee mabonde ya bomba lililobonyea.

Na tafadhali, fundi wa mageti asiguse. Mimi hutumia risasi ya kulehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 180 na kidogo. Moto wa fundi wa mageti unapinda kasha la valvu na valvu haizunguki tena. Wala usiniletee valvu ya trombone: tundu lake ni kama milimita 14, la tuba kwa kawaida ni 16 kwenda juu. Tena valvu yenyewe ina urefu wake, usipoukata kwenye slaidi kuu tuba yote inashuka.

Tuba ya wiki hii nimeipa rotari (valvu ya kuzunguka) ya tuba iliyokufa, na wenzo wa kidole gumba cha kushoto. Mzee kasema Jumamosi anakuja kusikiliza mwenyewe: 1 na 3 kwanza, halafu 4.